Neno la Mhariri: Fangasi Hawaishii Kwenye Ngozi

Manyara inaujua ukungu kwa uchungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na mkoani kwetu. Hesabu iliyochapishwa baadaye ilitaja wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Tangu hapo wakulima wamehubiriwa sana habari za turubai la kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa, na ni vizuri. Ila ukungu wa mahindi humwachia mtu sumu tu, wenyewe ukabaki kwenye punje. Toleo hili linahusu fangasi wa aina nyingine, wanaoingia mwilini wakiwa hai, wakajigeuza umbo na kufanya makazi humo.

Hapa Babati ukitaja fangasi, mtu hukumbuka mapunye ya mwanafunzi au miguu ya mvaa buti. Mazoea hayo yana gharama. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliandikisha wagonjwa wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Sampuli zao zilipopimwa baadaye, kati ya wagonjwa 970 walipatikana 9 waliokuwa na dalili za kimaabara za histoplasmosisi. Wodini hakuna aliyekuwa ameutambua ugonjwa huo. Baadhi yao waliandikiwa kifua kikuu. Tisa ni wachache, atasema mtu, nasi tuna malaria na TB za kutosha. Sawa, lakini mgonjwa anayemeza dawa za TB asiyokuwa nayo hufa akihesabiwa kwenye daftari la TB, na uchache huo hauna namna ya kujulikana kama ni wa kweli.

Histoplasma, fangasi anayeuleta ugonjwa huo, huishi kwenye udongo wenye kinyesi cha popo au kuku, akiwa nyuzi nyembamba zinazotoa vijimbegu vya kupeperuka. Mwaka 2011 wanafunzi wa baiolojia waliokuwa mafunzoni Uganda waliugua baada ya kuingia ndani ya mti wenye uwazi uliojaa popo, katika msitu wa Kibale. Vijimbegu vikifika mapafuni hukutana na joto la sentigredi 37, na hapo fangasi huacha unyuzi, akawa chembe za mviringo zinazogawanyika kama hamira. Chembe hizo humezwa na seli za kinga, ambazo kazi yake ni kuua wavamizi, kisha zikazaliana humo humo ndani. Kugeuka huko ndiko kunakomwezesha kumfanya mtu augue. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walizima jeni moja inayoongoza badiliko hilo; fangasi wakabaki nyuzi hata kwenye joto la mwili, na makali yao kwa panya wa maabara yakaisha.

Kandida, anayeleta utando mweupe mdomoni, huenda kinyume: hukaa kwetu kwa amani akiwa mviringo, na kinga ikilegea huota nyuzi zinazotoboa tishu. Fangasi wa tatu, kriptokoka, habadiliki kuwa nyuzi akiwa mwilini. Hujivika koti nene la sukari, na baadhi ya chembe zake hufura mpaka seli ya kinga haiwezi kuzimeza. Huyu ndiye huwashambulia ubongo watu wenye VVU ambao CD4 zao, yaani seli za kinga, zimeshuka.

Hoja yangu ni kwamba tabia hiyo hiyo inayomfanya fangasi awe hatari ndiyo humfichua, tena kwa bei nafuu. Weka kandida kwenye seramu ya damu kwa sentigredi 37, na baada ya saa mbili au tatu hadubini itakuonyesha kimrija kinachochipua. Changanya maji ya uti wa mgongo na wino mweusi, na koti la kriptokoka litaonekana kama duara jeupe. Wino huo huwakosa wagonjwa wengine, ndiyo maana sasa kuna kijiti kinachopima chembechembe za koti lenyewe zilizomo kwenye damu, kama kipimo cha haraka cha malaria.

Kijiti hicho hakihitaji majaribio zaidi. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusu watu 1,999 wanaoanza dawa za VVU wakiwa na CD4 chini ya 200. Waliopimwa kriptokoka na kutembelewa nyumbani na wahudumu wa jamii katika wiki za mwanzo walikufa kwa asilimia 28 pungufu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Ziara zile zilichangia, na sidhani zina ugumu wowote hapa. Wahudumu wa jamii tunao.

Histoplasma naye ana kipimo cha mkojo, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwenye orodha ya vipimo muhimu tangu 2019. Kwa hiyo halmashauri zinapopanga bajeti ya Julai, ziingize vijiti vya kriptokoka kwenye kliniki za VVU, na mtu mwenye dalili za TB ambaye makohozi yake hayana vimelea apimwe mkojo kabla ya kuongezewa miezi mingine ya vidonge.