Tufiche Namba, Tusifiche Uovu



Katika parokia zetu imekuwa desturi kuweka kumbukumbu za mambo yetu kwa picha. Arusi, komunyo ya kwanza, mazishi, harambee ya ujenzi, hata gari jipya lililobarikiwa mbele ya kanisa: yote hupigwa picha kwa simu, na kabla ya jua kutua yamekwisha kufika katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, ambako hutazamwa na watu tusiowajua. Sisi hatuipingi furaha hiyo. Tunalotaka kulisema leo ni jambo dogo kwa umbo, lakini zito kwa matokeo yake, nalo ni namba za magari zinazoonekana katika picha hizo.

Wako wasemao kwamba namba ya gari huonekana na kila mpita njia, basi ina siri gani? Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Mpita njia huiona namba mara moja, akaisahau. Picha iliyowekwa mtandaoni haisahau. Huiunganisha namba ile na sura ya mtu, jina lake, nyumba yake na siku aliyokuwapo mahali fulani. Tena siku hizi namba ni ufunguo wa milango mingi. Hapa Tanzania, mwenye kuijua namba ya gari aweza kuuliza katika mfumo wa Polisi kama gari hilo linadaiwa faini, katika mfumo wa TARURA kama linadaiwa ushuru wa maegesho, na katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kama bima yake ingali hai. Mifumo hii iliwekwa kwa nia njema, ili kurahisisha malipo na kuzuia udanganyifu. Lakini tapeli akiyakusanya hayo, aweza kumpigia simu mwenye gari, akajifanya ofisa, akamtajia deni lake sawasawa, na kumdai alipe upesi kwa namba ya simu anayompa. Nani asingeamini?

Wanaoumia zaidi si wenye kuta ndefu na walinzi. Ni mama aliyekimbia kipigo na hataki aliko ajulikane. Ni shahidi katika kesi ya ardhi. Ni dereva wa bajaji ambaye namba yake ikinakiliwa na mhalifu, yeye ndiye atakayetafutwa kwa kosa asilolitenda.

Hatari iliyo kubwa kupita zote ni hukumu ya umati. Mwezi Julai 2018, katika wilaya ya Bidar, jimbo la Karnataka, nchini India, wasafiri waliwapa watoto chokoleti, na hapo hapo ukazuka uvumi kwamba ni wezi wa watoto. Walipoondoka kwa gari, ujumbe uliwatangulia kwa WhatsApp. Watu wa kijiji cha mbele wakaziba barabara, na mmoja wa wasafiri akauawa. Ni baada ya mauaji ya namna hiyo ndipo kampuni ya WhatsApp ilipopunguza idadi ya mara ambazo ujumbe waweza kusambazwa kwa mkupuo, kwanza huko India mwaka 2018, kisha duniani kote mwaka 2019. Yatupasa basi tujiulize: ni mara ngapi sisi wenyewe tumepokea picha ya gari yenye maneno "tahadharini na gari hili", tukaisambaza bila kuuliza imetoka kwa nani?

Sheria nayo haikunyamaza. Ibara ya 16 ya Katiba yetu yampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, ya familia yake na ya maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yailinda habari yoyote ya mtu anayeweza kutambulika, na imeunda Tume ya kusimamia jambo hilo. Hata hivyo, heshima kwa jirani haingoji mahakama.

Lakini hapa tunaomba tueleweke vizuri. Namba haikuwekwa juu ya gari ili ifichwe. Iliwekwa ili aliyegonga na kukimbia apatikane, na mwenye kuiziba akiwa barabarani avunja sheria. Basi basi likilipita jingine kwenye kona, au gari likimgonga mtoto likatoweka, picha ihifadhiwe nzima, bila kufutwa chochote, na ipelekwe Polisi. Vivyo hivyo gari la umma, lenye namba zianzazo na ST au SU, likionekana likitumika kwa shughuli za mtu binafsi, taarifa ipelekwe TAKUKURU au kwa wakubwa wa ofisi husika. Kuuficha uovu wa namba hiyo si kumheshimu mtu. Ni kushiriki kosa. Tofauti iko katika mahali: ushahidi hupelekwa kwa mwenye mamlaka ya kuuchunguza, wala hautupwi mbele ya umati wenye hasira.

Kwa picha nyingine zote, tunapendekeza haya:

Kwanza, namba ifunikwe kwa rangi nzito isiyopenya mwanga. Kalamu hafifu ya kwenye simu yaweza kuacha tarakimu zisomeke picha ikiongezwa mwangaza.

Pili, vitazamwe vioo vya madirisha na vya pembeni, kwa maana wengi wetu tumechora namba humo kwa kuogopa wezi. Yatazamwe pia magari ya wengine yaliyoegeshwa nyuma.

Tatu, picha isitumwe kama faili kwa watu wengi, kwani yaweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa.

Nne, mwenye gari aulizwe kwanza. Akikataa, neno lake liheshimiwe.

Tunawasihi viongozi wa jumuiya ndogondogo na wa halmashauri za walei wamteue mtu mmoja wa kuzikagua picha kabla hazijatoka. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Amani ya jirani, ikishavunjwa, hairudishwi kwa kufuta picha, maana wakati huo imekwisha kukaa katika simu za watu mia.