Damu ya njiti ni robo ya chupa ya soda

Leo bumu na TP naweka pembeni, kuna jambo linanikera.

Mtoto njiti wa kilo 1 ana damu kama mililita 90 tu mwilini. Robo ya chupa ya soda, basi! Sasa mtoe mililita 2 asubuhi, jioni 2 tena eti ya kwanza imeganda, kesho hivyohivyo. Zikifika 9 umemtoa asilimia 10. Kwa mtu mzima hiyo ni kama kuchangia damu, na sisi wachangiaji tunapewa soda na kuambiwa tusirudi mpaka miezi ipite. Njiti mwili wake bado mzito kutengeneza damu mpya, mwishowe anaongezewa ya mtu mwingine.

Mtaniambia kwetu Mafia shida ni vipimo vichache, siyo vingi. Kweli kabisa. Ila damu ya njiti ikipungua kisiwani, ndugu ndio wanaanza kutafutwa, na akizidiwa ni boti ya Kilindoni hadi Nyamisati halafu barabara hadi Dar, au ndege kama mfuko unaruhusu. Mtoto wa dada yangu alizaliwa wa miezi saba (wapi sisemi), katobolewa mara tatu kwa kipimo kilekile. Dada alilia kuliko mtoto.

Mengine wala hayataki hela. Kama majibu hayatabadilisha matibabu, kwa nini umtoboe? Vipimo vya siku vichukuliwe kwa mkupuo mmoja. Kundi la damu lipimwe kwa damu iliyobaki kwenye kitovu na kondo, ambayo sisi tunaenda kuizika bure. Oksijeni inasomwa na kile kifaa cha kubana mguuni, tone halitoki. Na vichupa vidogo vya watoto vivuke bahari jamani, visiishie Dar.

Halafu kuna kifua cha mama. Utafiti wa WHO wa mwaka 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha njiti wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa vifo vinapungua kwa asilimia 25. Waliohisiwa kuwa na maambukizi walipungua pia, na anayehisiwa ndiye anayechomwa sindano.

Wazazi nao waulize, kwa adabu tu: nesi, hii ni ya kipimo gani, na unahitaji kiasi gani? Mnaosoma uuguzi humu ndani, nawasubiri mnijibu.