Gita la kwanza: Jihadhari usinunue pambo la ukutani

Shule zikifungwa tu, wazazi wengi wa mjini hukabiliwa na ombi ambalo hawakulitarajia. Si viatu wala baiskeli. Ni gita.

Mtoto amemwona mwenzake akilicharaza kanisani, au ametazama video katika simu ya dada yake, na tangu hapo nyumba haina amani. Kila akipita mbele ya duka la vyombo vya muziki, shingo humpinda.

Basi mzazi mwenye moyo mwema hujikamua, akatoa akiba, akaenda mjini na kurudi na gita linalong'aa kama kioo. Wiki mbili nyumba yavuma. Wiki ya tatu kimya. Kufikia mwezi wa pili gita liko juu ya kabati, limefunikwa na vumbi, naye mzazi anamaka: "Nilijua tu! Mtoto huyu hana bidii."

Hapo ndipo ninapotaka tusimame leo. Aghalabu mtoto huyo si mvivu, wala kipaji hakikumpita kando. Alipewa chombo ambacho hata mpigaji stadi angekirudisha dukani, kisha akaachwa peke yake. Hela zikipotea hutafutwa nyingine. Lakini lile neno "huna bidii" hukaa moyoni mwa mtoto miaka mingi baada ya gita lenyewe kuvunjika.

Wapo pia wazazi wasiotaka hata kulisikia jina la gita. Kwao, gita ni ulevi na kurudi nyumbani usiku wa manane, hasa anayeliomba akiwa binti. Hao nawakumbusha kwamba chombo hakina tabia. Tabia ni ya mwenye kukishika. Leo muziki ni somo la mtihani, na katika mtaala wa CBC sekondari ya juu ina mkondo mzima wa sanaa na michezo. Kijana aliye chumbani akihangaika na nyuzi sita, angalau unajua aliko.

Aina tatu

Kabla hujatoka nyumbani, jua unakwenda kununua nini. Kuna gita la nyuzi za nailoni, gita la nyuzi za chuma, na gita la umeme.

Gita la nailoni lina sauti nyororo na nyuzi zake haziumizi sana vidole. Shingo yake ni pana, kama sentimita tano hivi pale juu nyuzi zinapoanzia, kwa hivyo vidole hupata nafasi ya kutosha. Kwa mtoto wa shule ya msingi, hili ndilo ninalolipendekeza.

Gita la chuma lina sauti kali inayofika mbali. Ndilo linalosikika zaidi makanisani na kwenye sherehe. Shingo yake ni nyembamba kidogo, lakini nyuzi huuma vidole siku za mwanzo. Kijana wa miaka 14 na kuendelea analiweza.

Gita la umeme, kinyume cha wanavyodhani wengi, ni jepesi kubonyeza kuliko hilo la chuma. Tatizo ni kwamba bila kikuza sauti na waya wake halisikiki ng'o. Ukinunua gita hilo umenunua vitu vitatu, na pengine ugomvi na jirani wa ghorofa ya chini.

Sasa sikiliza jambo ambalo limeharibu magita mengi hapa kwetu. Usifunge nyuzi za chuma kwenye gita la nailoni! Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya kama kilo 40, ilhali za chuma huvuta kwa kilo 70 hivi au zaidi. Gita la nailoni halikuundwa kubeba mzigo huo. Baada ya muda shingo hupinda, au kile kibao kinachoshikilia nyuzi kifuani pa gita hubanduka. Muuza duka akikuambia "zote ni nyuzi tu," mshukuru na uondoke.

Kipimo cha mwili

Hungemnunulia mtoto wa miaka saba viatu vya baba yake. Mbona basi umpe gita la baba yake?

Magita huundwa kwa vipimo mbalimbali: zima, robo tatu na nusu. Mtoto wa miaka sita hadi minane hutosheka na nusu, wa miaka tisa hadi kumi na moja na robo tatu, na wa miaka 12 hivi akaweza zima. Lakini miaka si sheria. Mkalishe kitini, mpe gita, mwambie anyoshe mkono hadi mwisho wa shingo. Kiwiko kikibaki kimekunjwa kidogo, linamfaa. Akilazimika kujinyonga, mrudishie mwenye duka.

Je, mtoto akiwa mashoto? Usimlazimishe, wala usikate tamaa. Yapo magita yaliyoundwa kwa mashoto, ingawa ni adimu. Mmarekani Elizabeth Cotten, mama mweusi aliyejinunulia gita akiwa msichana mdogo kwa pesa za kazi ya nyumbani, alikuwa mashoto. Aliligeuza gita la kawaida juu chini, nyuzi zikiwa vilevile, akabuni mtindo wake ambao wapigaji wangali wanauiga hadi leo, ingawa alifariki mwaka 1987.

Ukiwa dukani

Mkono mtupu haulambwi, lakini hata mkono uliojaa hudanganywa. Ukiweza, nenda na mtu anayejua kupiga. Usipompata, fanya uchunguzi huu mwenyewe.

Kwanza, liinue gita usawa wa jicho na uitazame shingo kutoka kichwani kwenda tumboni, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imepinda kama upinde au kusokotwa, liache.

Pili, tazama nyuzi ziko juu kiasi gani. Hesabu vile vyuma vidogo vilivyolala kwenye shingo hadi ufike cha 12. Hapo, uzi ule mnene kwenye gita la chuma usipite chuma kwa zaidi ya milimita tatu hivi. Kwenye gita la nailoni, milimita nne. Nyuzi zikiwa juu kuliko hapo, mtoto atabonyeza hadi machozi yamtoke na sauti isitoke. Hiki, mpenzi msomaji, ndicho kiini cha yale magita yaliyoko juu ya makabati.

Tatu, bonyeza kila uzi kwenye kila chuma, mmoja mmoja, na uupige. Sauti iwe safi. Ukisikia mlio kama wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa, kuna chuma kilichoinuka. Pitisha pia kidole kando ya shingo. Ncha za vyuma zisikukwaruze.

Nne, gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya kile chuma cha 12 bila kuubonyeza, uupige, kisha uubonyeze papo hapo na uupige tena. Sauti hizo mbili zapaswa kuwa moja. Zikitofautiana waziwazi, gita hilo haliimbi sawa.

Tano, zungusha vifungo vya kukazia nyuzi. Viende taratibu, visiteleze.

Kuhusu gita la mtumba, msidharau. Mbao zilizokauka vizuri mara nyingi huwa na sauti tamu, na kwa hela zilezile huweza kupata gita bora kuliko jipya. Ila tafuta nyufa, hasa pale shingo inapoungana na tumbo. Nyuzi zilizo juu kidogo fundi anaweza kuzishusha kwa kazi ya saa moja. Shingo iliyovunjika na kugundishwa ni ugonjwa mwingine.

Na usimalize hela zote kwenye gita. Ukiwa na noti kumi, nane ziwe za gita. Mbili zikununulie mfuko wa kulibebea, nyuzi za akiba, na masomo ya kwanza. Usipokuwa na noti hata moja, azima. Kanisani na shuleni kuna magita yanayolala wiki nzima. Mtoto akilitunza la kuazima kwa miezi mitatu, utajua kama yafaa umnunulie lake.

Wiki za kwanza

Sasa gita liko nyumbani. Mwanzo kokochi, mwisho nazi.

Kazi ya kwanza ni kulioanisha nyuzi. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, sauti ni E, A, D, G, B na E. Zipo programu za simu zisizolipiwa ambazo husikiliza uzi na kukuambia ukaze au ulegeze. Zitumie, lakini mzoeze mtoto pia njia ya wazee: bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha tano, upate sauti ya uzi unaofuata. Endelea hivyo, isipokuwa uzi wa G, ambao hubonyezwa chuma cha nne ili kupata B. Hivyo hujenga sikio, na betri ya sikio haiishi.

Kazi ya pili ni vidole. Kata kucha za mkono unaobonyeza. Bonyeza nyuma tu ya chuma, si juu yake wala mbali nacho. Ncha za vidole zitauma kwa wiki tatu au nne, kisha ngozi itakuwa ngumu na maumivu yatakwisha. Maumivu hayo ni ya kawaida. Ila kifundo cha mkono kikiuma, acha mara moja, kwa maana unakaa vibaya.

Kazi ya tatu ni kile wapigaji wanachokiita kodi. Usishtuke, si ile ya mwenye nyumba! Ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Anza na E ndogo, ambayo yataka vidole viwili tu. Kisha ongeza G, D na C. Kwa G, C na D pekee utaimba tenzi nyingi za kanisani na nyimbo nyingi za redio. Ile ya F, ambapo kidole kimoja hubana nyuzi zote, iache kwanza. Imewakatisha wengi tamaa kabla ya wakati.

Ugumu hauko katika kodi yenyewe, bali katika kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Kwa hivyo weka saa. Kwa dakika moja, hama kutoka G kwenda D na kurudi, ukihesabu. Andika idadi katika daftari. Leo labda nane. Mwezi ujao thelathini. Daftari hilo litamwonyesha mtoto maendeleo ambayo masikio yake bado hayajayasikia.

Dakika 20 kila siku, baada ya kazi za shule, zashinda saa tatu za Jumamosi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Na gita lisifungiwe kabatini. Liwe mahali ambapo mkono unaweza kulifikia, mradi tu halipigwi na jua. Usiliache ndani ya gari mchana, kwani gundi huyeyuka. Walio Mombasa wafute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila wamalizapo, maana hewa ya chumvi hula chuma.

Nani atafunza?

Mwalimu wa ana kwa ana, hata mara moja kwa wiki mbili, hurekebisha makosa ambayo video haiyaoni. Video za YouTube zafaa, lakini chagua mwalimu mmoja na umfuate hadi mwisho. Anayerukaruka kutoka video hadi video hujua mwanzo wa nyimbo ishirini na mwisho wa wimbo hata mmoja hana.

Kisha msikilize wakongwe. Mwaka 1952 Mkongo Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa akipiga "Masanga" kwa gita moja lisilo la umeme, kwa kidole gumba na cha shahada. Ukisikiliza utaapa wapigaji ni wawili. Mwenda aliwahi kuishi Nairobi, na wapigaji wengi wa hapa walijifunza kwake. Magharibi mwa nchi yetu, George Mukabi na wenzake walicharaza omutibo, mwenzao akigongagonga chupa ya soda kushikilia mdundo. Nao wapigaji wa benga walihamishia kwenye gita mwendo wa nyatiti. Hakuna aliyeanza na chombo cha bei mbaya.

Chupa hiyo, ewe mzazi, ndiyo kazi yako. Hujui gita? Twaa chupa na kijiko, keti kando ya mwanao jioni, umgongee mdundo. Atajifunza kwenda sawa na wakati, jambo linalowashinda wengi wanaojifungia peke yao. Dada mtu aimbe. Na mgeni akija, msimwite mtoto ghafla, "Hebu mpigie mjomba wimbo," akiwa bado anatafuta G. Mwacheni ajitolee mwenyewe siku atakapokuwa tayari.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya kwa siri ukingojea likizo: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya kuomba gita, waonyeshe wazazi kwamba unaweza kufanya jambo moja dogo kila siku kwa mwezi mzima bila kukumbushwa. Hakuna barua ya maombi inayoishinda hiyo.

Haya basi, tukutane Jumapili ijayo panapo majaliwa.