Afande, masega ya gari langu yalikatwa ndani ya yadi yako

Afande Mkuu wa Kituo,

Jina la kituo nalihifadhi. Wewe unalijua, na jalada langu unalo. Unajua kwamba Noah yangu ililala kwenye yadi yako siku 19 baada ya kugusana na bodaboda, ikimsubiri mkaguzi wa magari, na kwamba geti lile lina askari usiku na mchana. Kwa hiyo nianzie pale tulipoachana, mlangoni kwako, uliponiambia: "Mzee, shukuru gari umelipata."

Nililipata. Nilipoliwasha lilinguruma kama trekta. Nikaingia uvunguni na tochi ya simu. Bomba la eksozi lilikatwa sehemu mbili, mkato wa msumeno, chuma kinang'aa bila chembe ya kutu. Katikati hapakuwa na kitu, masega yanayosafisha moshi yameondoka. Nyaya za sensa ya oksijeni zilikuwa zinaning'inia, zimekatwa kwa koleo. Kwenye karatasi ya makabidhiano askari wako aliandika redio, jeki na tairi la akiba. Masega hakuyaandika, nawe ukaniambia kisichoandikwa hakidaiwi.

Sasa sikiliza kilichompata mama yangu.

Mama ana miaka 71. Kila mwezi namtoa Kahama kumpeleka kliniki Bugando, Mwanza. Fundi aliniunganishia bomba tupu ili gari litembee, maana masega mapya siyawezi, na ya mtumba yanayouzwa gereji sikutaka kuyagusa. Sijui yametolewa uvunguni mwa gari la nani. Noah hii ni ya zamani, injini iko chini ya viti vya mbele. Tulipofika Tinde mama akasema kichwa kinamgonga. Nikashusha vioo vyote. Maganzo akatapika kwenye kanga yake, akasema, "Mwanangu, nishushe." Nikamkalisha kivulini kando ya lami, namshika mgongo, malori yanatupita. Kliniki tulifika imefungwa.

Kesho yake fundi alinieleza, na maelezo yake nayaleta kwako kwa sababu wewe uliuita wizi huu "kipande cha bomba". Sensa ya oksijeni ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari kama petroli imezidi au imepungua. Ikikatwa, kompyuta inamimina petroli kwa kukisia. Plagi zangu zilitoka nyeusi tititi kwa masizi. Moshi wa namna hiyo umejaa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Masega yakishapata moto huigeuza kuwa kaboni dayoksaidi kabla haijatoka nje. Yangu hayapo, na mshono wa bomba ulikuwa unavuja chini ya kiti cha mama. Hiyo ndiyo hewa aliyoivuta mama yangu kutoka Kahama mpaka Maganzo.

Sikuandikii kuhusu petroli ninayochoma sasa, ingawa inaniumiza. Wala kelele, ingawa majirani wamechoka. Nakuandikia kuhusu mama.

Ukanda wetu unajua kulinda madini unapotaka. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na tangu hapo mchimbaji wa Nyarugusu au Mgusu anajua gramu yake lazima ipimwe na iandikwe. Ndani ya masega nako kuna madini: platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilifika bei inayozidi mara kumi ya dhahabu. Mwenye dhahabu bila karatasi anakamatwa. Anayenunua masega kwenye kibanda cha chuma chakavu, yamekatwa jana usiku, anaulizwa na nani? Hata chuma chakavu kinahitaji kibali. Nitajie kibanda kimoja ambacho vijana wako waliingia mwaka huu wakauliza masega haya yametoka kwenye gari lenye namba gani.

Nchi hii ilihangaika kuondoa risasi kwenye petroli. Makubaliano yalifanyika Dakar mwaka 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 petroli yetu haikuwa nayo. Risasi iliwaumiza watoto, na iliyaua masega. Tukasafisha mafuta, halafu masega yenyewe yanakatwa kwa msumeno ndani ya uzio wa serikali, penye mlinzi. Na si mimi peke yangu. Pale yadini niliona bodaboda zisizo na betri na Probox isiyo na taa, nazo zina wenyewe.

Afande, naomba mambo matatu. Nionyeshe kitabu cha zamu cha siku zile 19. Gari likiingia yadini kwako, likaguliwe mpaka uvunguni mbele ya mwenyewe, na masega yaandikwe. Na uwalipe watu mali iliyopotea mikononi mwako, kuanzia na sensa na masega yangu, risiti nitaleta.

Mama amekataa kupanda Noah. Mwezi uliopita alikwenda Mwanza kwa basi, amesimama mpaka Shinyanga mjini kwa kukosa kiti. Kliniki yake nyingine ni wiki tatu zijazo. Nataka jibu lako kabla ya siku hiyo, kwa maandishi, lenye muhuri.

Wako,
Mwenye Noah nyeupe
Kahama