Si Kila Mwenye Doa ni Changu

Wiki hii tuache kidogo kasheshe za wapenzi na ugomvi wa wapangaji, tuingie jikoni. Nina habari ya samaki. Usifungue ukurasa wa pili haraka haraka ukadhani nimeishiwa na mada. Habari hii inakuhusu wewe unayenunua fungu jioni ukitoka kwenye shughuli zako, na tena ina mambo ya uzazi ndani yake, kwa hiyo wale wanaonisoma kwa ajili ya umbeya nao watapata chao.

Pita jioni yoyote Mbagala, Tandika au Mwananyamala. Sinia zimepangwa, koroboi au taa ya umeme inawaka, mafuta yanachemka. Muulize muuzaji, "Dada, samaki gani hawa?" Atakujibu bila hata kukutazama: "Changu hao, kaka, watamu!" Wenye mistari ni changu, wekundu ni changu, na mwenye doa ubavuni ndiyo usiseme, huyo ni changu doa. Jina hilo la mwisho mnajua wenyewe watu wa mjini walilipeleka wapi. Samaki wa watu hana kosa lolote, kazi yake kuogelea tu, lakini jina lishaharibika.

Sasa bwana, si kila mwenye doa ni changu. Katika mafungu hayo hayo yupo mwingine anaitwa tembo. Si yule mwenye mkonga wa Selous, wala si lile linalogemwa mnazini. Tembo huyu ni samaki wa miambani, wa ukoo ambao hoteli za Masaki na Oysterbay zinauandika kwenye menyu kwa jina la snapa. Ukoo wenyewe ni mkubwa, una aina zaidi ya 100 duniani. Wale wakubwa wekundu, ambao wavuvi wengi wanawaita kungu, ni kaka zake. Ila majina haya nayo yana vituko vyake, maana kila bandari ina kamusi yake. Ukitoka Kunduchi ukafika Mafia, unaweza ukakuta samaki yule yule kabatizwa upya.

Kwa hiyo jina liache, tazama mwili. Kwanza mpige jicho usoni. Changu shavu lake ni tupu, laini, halina magamba. Tembo na ndugu zake wana magamba mpaka shavuni. Pitisha kidole tu, utahisi. Pili, mfunue mdomo. Tembo ana meno ya mbele yaliyochongoka kama ya mbwa, na wavuvi wanaomtoa kwenye ndoana wanayajua vizuri.

Tatu, lichunguze hilo doa. Samaki ana mstari mwembamba unaotoka nyuma ya shavu kwenda mkiani. Doa la tembo liko juu mgongoni kwa nyuma, na mstari huo unalipitia. Mwili wake una mistari ya njano ya kulala, na mapezi yake nayo ni ya njano. Doa la changu doa liko chini ya mstari huo, katikati ya ubavu, karibu na ncha ya pezi la pembeni, na mara nyingi limezungushiwa njano. Mfanye hivyo samaki akiwa mbichi lakini. Akishakaangwa mpaka akawa mkavu kama kuni, wote baba mmoja mama mmoja.

Utaniuliza, "We bwana mdogo, wote si watamu? Inanihusu nini?" Subiri kidogo, sasa naingia chumbani kwao.

Chewa wengi wanaanza maisha wakiwa majike, kisha wakikua wanageuka madume. Naam, umesoma vizuri. Na baadhi ya changu wana mchezo huo huo. Tembo hana mambo hayo. Aliyeanza jike atakufa jike, dume atakufa dume. Ila kwa nje huwezi kuwatofautisha, mpaka umpasue. Jike aliyekomaa utamkuta na mifuko miwili ya mayai, ya rangi ya njano au ya machungwa. Dume ana mifuko myeupe kama maziwa. Kina mama wanaopara samaki wanaijua hiyo siku nyingi, kabla hata ya sisi kufundishwa biolojia, na mimi yangu iliishia kidato cha nne.

Harusi yao haina ukumbi. Wanakusanyika, giza likianza kuingia wanapanda kuelekea juu ya maji, jike anamwaga mayai, madume wanamwaga yao, basi, kila mtu na njia yake. Hakuna kiota, hakuna kulea, hakuna kudaiwa matunzo. Pwani yetu samaki wengi wa miambani huzaliana zaidi miezi ya joto, wakati wa kaskazi. Yai lenyewe halizidi milimita moja hivi, linaelea, na kama siku moja tu baadaye limeanguliwa. Kitoto kinachukuliwa na mkondo wiki kadhaa, kinaliwa na kila mwenye mdomo. Vichache vinavyosalimika vinatafuta pa kujificha: kwenye nyasi za baharini na kwenye mikoko. Mikoko yenyewe ni hii hii ya Mbweni, ya Kunduchi, ya mkono wa bahari wa Mzinga kule Mtoni.

Na hapo ndipo penye mgogoro. Huko kunakolelewa watoto ndiko juya linakokokotwa. Juya limepigwa marufuku kisheria, lakini tundu zake ni ndogo, halichagui, na likitoka linaleta chakula cha siku hiyo. Ndiyo maana fungu la jioni limejaa tembo wa urefu wa kidole.

Tembo mkubwa kabisa anafika kama sentimita 35, na wengi wao hawaanzi kutaga mpaka wakaribie sentimita 20. Huna haja ya rula. Panua kiganja, pima kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Hiyo ni shubiri moja, na kwa mtu mzima ni kama sentimita 20. Tembo asiyefika shubiri huenda hajawahi kutaga hata mara moja. Kungu ndiyo zaidi. Wale wakubwa huzaa wakifika sentimita 40 au 50, kwa hiyo kungu wa shubiri moja ni mtoto wa chekechea.

Mzee mmoja mvuvi nilimkuta Kunduchi anashona nyavu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza kuhusu hawa wadogo. Akaniambia, "Sisi zamani tembo wa hivi tulimfanya chambo. Sasa hivi mwanangu ndiye kitoweo chenyewe." Akaendelea kushona. Sikuwa na la kuongeza.

Najua kuna atakayenijia juu. "Wewe mwandishi umekula umeshiba. Mimi nina watoto watano, mshiko wenyewe wa kubahatisha, huyo samaki wa shubiri nitamnunua na nini?" Mama yangu, nakuelewa. Naishi huku huku uswahilini, na kuchacha nakujua. Fungu dogo ndilo linalolingana na mfuko. Siwezi kusimama hapa nikamlaumu mama wa Tandika nikamwacha mwenye juya, na nikamwacha bwana mkubwa anayeagiza kungu mzima hotelini.

Maana hao wakubwa nao wana hesabu yao. Kule Ghuba ya Mexico wataalamu waliwahi kuhesabu mayai ya ndugu wa kungu wetu. Jike moja la kilo 12 na nusu lilikuwa na mayai kama milioni 9.3. Ukitaka kuyapata mayai hayo kwa majike ya kilo moja na kidogo, unahitaji majike 212! Kwa hiyo ukimla mtoto umekula mama wa kesho, na ukimla mama mkubwa umefunga wodi nzima ya wazazi.

Sasa tule nini, mawe? Hapana. Jibu mojawapo liko Mafia. Hifadhi ya bahari ya kule ilianzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Wataalamu wetu wenyewe, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimchunguza tembo huyu huyu mwenye doa, na matokeo yao yakachapishwa 2004 na 2005. Walimpima, wakatazama mayai yake, wakamhesabia umri kwa pete za vijiwe vilivyo ndani ya kichwa, kama unavyohesabu pete za mti. Walichokikuta ni kwamba ndani ya hifadhi tembo walikuwa wengi zaidi na wakubwa zaidi kuliko kule wanakovuliwa ovyo. Samaki anayeweza kupita miaka kumi, akiachiwa, anaitumia miaka hiyo kuzaa.

Na sisi wa Dar tusidhani hayo ni ya Mafia peke yake. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini zimetangazwa kuwa maeneo ya hifadhi tangu 1975. Wengi wetu tunazijua kwa pikiniki ya Idi na Pasaka tu. Kumbe kazi yake kubwa ni kuwa wodi ya wazazi ya samaki wanaokuja kujaza masinia ya Temeke na Kinondoni.

Kwa hiyo wewe mwenye uwezo, ukifika Feri asubuhi panua kiganja kabla ya kufungua pochi, na mwenye samaki wa chini ya shubiri mwambie wazi kwa nini humnunui. Wewe ambaye fungu ndilo linalokufikia, nunua, lisha watoto, hakuna wa kukunyooshea kidole. Ila siku wakija mtaani kwenu kuuliza habari za juya na mikoko inayokatwa, usikae kimya ukasema hayakuhusu. Kitoweo chako ndicho kinachojadiliwa.

Nafasi yangu imekwisha. Wiki ijayo nawarudishia wapangaji wenu na ugomvi wa bili ya umeme, Mungu akipenda. Kwaherini.