Hajaanguka, lakini anasahau

Mwezi huu twende Songea, pale Bombambili. Kaka mmoja, mhasibu, kashapeleka posa na mahari nusu. Juzi mchumba wake, mwalimu, akamwambia ukweli: ana kifafa, na hajaanguka huu mwezi wa nane. Mama mzazi anataka posa ivunjwe. Kaka yeye ana swali lingine: “Kama haanguki, mbona anasahau tuliyopanga jana, na siku nyingine ananyamaza tu?”

Swali zuri kuliko la mama, samahani lakini.

Sehemu za ubongo huongea kwa umeme mdogo sana. Mjerumani Hans Berger alichapisha mwaka 1929 michoro ya umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu, na hadi leo kinachotumika ni waya za kubandika kichwani. Kwa wengi wenye kifafa, mashine huona cheche hata siku mtu yuko mzima kabisa. Tena watafiti wanaopima mawasiliano kati ya sehemu hizo wanakuta kwamba hata asipoanguka, njia nyingine zimelegea na nyingine zimezidi kushikana. Kifafa kinachoanzia maeneo ya pembeni, usawa wa sikio, kinakaa jirani na kumbukumbu. Kwa hiyo kaka, huenda hakudharau. Dawa nazo huchangia, na hofu ya kuachwa je? (Kipimo kikitoka safi, kifafa hakijafutika. Cheche hazitokei kwa miadi.)

Kuhusu mama: kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kitanda. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall aliyeanzisha kliniki ya kifafa miaka zaidi ya 60 iliyopita alikuta wagonjwa wametengwa kwa hofu hiyo hiyo. Walipopata vidonge, wengi walipata nafuu. Mpe mama habari hiyo taratibu, akiwa ameshakula.

Halafu nenda kliniki na mwenzio. Mwelezeni daktari huo usahaulifu na huo ukimya, maana huzuni nayo inatibika. Na kabla hamjafikiria mtoto, ulizeni jina la dawa: valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na zipo nyingine salama zaidi. Ila asiache dawa mwenyewe, hata siku moja. Mipango ya harusi andikeni kwenye kalenda ukutani, wote wawili muione.