Mchafuzi Hawezi Kuwa Kadhi wa Kesi Yake



Kitu cha mwanzo tulichofunzwa madrasa kuhusu maji ya udhu ni kuangalia rangi, ladha na harufu. Sasa, Novemba 2021, familia za wanajeshi wa Marekani katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, zilifungua mifereji na maji yakatoka yananuka mafuta. Maafisa wao mwanzoni wakawaambia maji hayana shida. Watoto wakawa wanatapika, ngozi zinawasha, na bado jibu ni lile lile. Mfumo huo wa maji ulikuwa ukitumiwa na watu kama 93,000.

Mafuta yalitoka Red Hill, bohari ya jeshi iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili ili kulisha meli na ndege. Kuna matangi 20 ndani ya mlima, kila moja lina nafasi ya galoni milioni 12.5, na futi 100 tu chini yake kuna maji yanayonywewa na kisiwa. Nani aliyeona hiyo ni akili?

Na si kwamba hawakuonywa. Mwaka 2014 tangi moja lilivujisha yapata galoni 27,000. Mwaka uliofuata jeshi likakaa na wasimamizi wa mazingira, wakatia sahihi makubaliano ya kuboresha matangi kwa miaka mingi ijayo. Wanaharakati wa Hawaii walipiga kelele kuwa makubaliano hayo ni legelege, kwa sababu anayesimamiwa ameketi mezani akijipangia muda wake mwenyewe. Miaka sita baadaye mafuta yakafika kisimani.

Kilichobadilisha mambo ni amri. Disemba 2021, Idara ya Afya ya jimbo iliamuru shughuli zisimame na matangi yatolewe mafuta. Jeshi likapinga, likaenda hadi kortini, hoja ikiwa ni usalama wa taifa (ndiyo hoja yao siku zote, popote). Lakini sheria ya Marekani inayalazimisha hata mashirika ya serikali kuu kufuata sheria za jimbo kuhusu matangi ya chini ya ardhi. Machi 2022, Waziri wa Ulinzi akatangaza bohari inafungwa.

Lakini kufunga si kusafisha. Mafuta yakishaingia kwenye mwamba hung'ang'ania ndani ya matundu yake, na mvua ikinyesha huteremka kidogo kidogo. Inabidi vichimbwe visima vya kupimia, maji yavutwe na kupitishwa kwenye makaa maalum ya kuchujia, na upimaji uendelee miaka na miaka. Hapo ndipo mchafuzi huchoka na kutaka kamera ziondoke. Makubaliano mapya ya 2023 yaliwapa wakazi kikao chao cha kuuliza maswali. Mwaka 2024 jeshi likaacha kuhudhuria, likilalamika kuhusu jinsi vikao vinavyoendeshwa. Jamani! Umechafua maji ya watu halafu wewe ndiye unayeudhika na maswali?

Mimi nasema mpimaji asiwe mtu wa mchafuzi, majibu ya maabara yatolewe siku yanapopatikana, na mkazi awe na haki ya kuuliza bila kuonekana adui wa taifa. Kama dola yenye jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani ililazimishwa na idara ya afya ya jimbo dogo, hakuna kambi iliyo juu ya sheria.

Sisi Kenya silaha tunayo. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia. Yaani huna haja ya kungoja mtoto atapike. Wakazi wa Laikipia walikwenda kortini baada ya moto wa Lolldaiga wa 2021, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza, na wengi walidhani jeshi la kigeni haliguswi.

Basi siku mkiitwa barazani kwenye kata yenu kuhusu bohari ya mafuta, ya jeshi au ya tajiri, msiende kunywa soda na kurudi. Ulizeni visima vya kupimia vitakuwa wapi, nani anashika funguo zake, na majibu yatabandikwa wapi.